Kizungu Kilikuwa Geti: Kutoka Maseno 1908 Hadi Gredi ya 9

Hapa Kondele ukikosea Kizungu mbele ya watu, kicheko kinasikika mpaka Manyatta. Ukikosea Kiswahili, hakuna mtu anashtuka. Ukikosea Dholuo, wazee watakusikitikia kidogo na maisha yaendelee. Lakini useme "he" ukimaanisha mama yako mzazi, omera, hiyo stori itakufuata miaka kumi.

Nimekuwa nikijiuliza hii aibu tuliitoa wapi. Maana hatukuzaliwa nayo. Mtoto wa miaka mitatu hapa mtaani anaongea Dholuo na nyanya, Kiswahili na majirani, na hana aibu na yeyote. Aibu inaanza shule. Na ukifuata historia nyuma, unapata kitu cha kushangaza: babu zetu waligoma ili wafundishwe vitabu kama Wazungu. Waligoma kweli, wakaacha kazi. Halafu miaka hamsini baadaye, kile walichopigania kikageuzwa geti la kuwafungia nje wajukuu wao.

Hiyo ndiyo stori ya leo. Kama uko Gredi ya 9, kama uko kidato cha nne, kama unajipanga kufanya mtihani wa Kizungu ndiyo upate viza, soma mpaka mwisho. Kuna historia, na kuna sarufi pia. Zote mbili utazihitaji.

Kwanza tulinyimwa

Shule ya Maseno ilianzishwa na wamishenari wa CMS mwaka wa 1906. Unaijua, iko pale kwa barabara ya Busia, ikweta inapopita. Wanafunzi wa kwanza walikuwa hasa watoto wa machifu na wakubwa. Wazazi walidhani watoto wanaenda kusoma. Walipofika huko, sehemu kubwa ya siku ilikuwa ya jembe, useremala na kazi za mikono.

Mwaka wa 1908 wanafunzi wakasema imetosha. Wakagoma. Walitaka kusoma na kuandika zaidi, na kazi ya jembe ipungue. Wanahistoria wengi wanauhesabu huo kuwa mgomo wa kwanza wa wanafunzi kurekodiwa Kenya. Kwa hivyo mtu akikuambia Gen Z ndio walileta fujo shuleni, mwambie aangalie kalenda vizuri.

Fikiria hiyo hesabu yao. Hao vijana waliona mambo waziwazi. Waliona kwamba yule karani anayeandika majina ya walipa kodi hachimbi. Waliona kwamba mwenye kusoma barua ya DC ndiye anajua kesho kutafanyika nini. Jembe walikuwa nalo nyumbani. Kitu hawakuwa nacho ni kalamu.

Tarehe 23 Disemba 1921, watu waliosoma shule kama hizo wakakutana Lundha, kule Gem. Hapo ndipo Young Kavirondo Association ilizaliwa, ile watu wa kwetu waliiita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Jonathan Okwiri, mwalimu, ndiye aliongoza. Madai yao yalikuwa kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe, ardhi ilindwe. Na ndani ya orodha hiyo walidai shule ya serikali. Angalia vizuri: watu wanasumbuliwa na kodi ya nyumba, wanalazimishwa kazi, na bado shule iko kwenye orodha.

Wenye nchi hawakuwa na haraka. Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki. Ushauri wao ulikuwa kwamba elimu ya Mwafrika ifanane na maisha yake: kilimo, usafi, ufundi. Hiyo fikra waliitoa kwenye shule za Wamarekani weusi kule kusini mwa Marekani. Haikuwa mbaya yote, ufundi ni kitu kizuri, na fundi wa jua kali hapa Kondele anaweza kuwa anatengeneza pesa kuliko mwenye digrii. Shida ni kwamba mtoto wa Mzungu hakupewa ushauri huo. Yeye alipewa vitabu, na mtoto wa hapa akaambiwa jembe linamfaa.

Kwa hivyo mtu akikuambia Wakoloni walitulazimisha Kizungu kutoka siku ya kwanza, mwambie stori ni ndefu kuliko hivyo. Miaka mingi ya mwanzo walikipima kwa kijiko. Walitaka makarani wachache, wakalimani wachache, walimu wachache. Zaidi ya hapo, waliogopa. Msee anayesoma Kizungu anaweza kusoma sheria, na anayesoma sheria anaweza kuuliza maswali.

Halafu kikawa geti

Mwaka wa 1949 ikatoka ripoti ya Beecher. Iliyapanga masomo ya Mwafrika kwa miaka minne minne: minne ya msingi, minne ya kati, minne ya sekondari. Kati ya kila hatua kukawekwa mtihani wa kuchuja. Ukimaliza darasa la nne unachujwa. Ukimaliza la nane unafanya KAPE, unachujwa tena. Nafasi za juu zilikuwa chache sana, kwa hivyo kazi ya mtihani haikuwa kujua umesoma nini. Kazi yake ilikuwa kupunguza watu.

Na ukitaka kupunguza watu haraka, unatumia nini? Unatumia kitu ambacho wengi hawana nyumbani. Unatumia Kizungu.

Ngũgĩ wa Thiong'o, yule aliyetuacha Mei 2025, aliliandika hili katika kitabu chake cha mwaka wa 1986, Decolonising the Mind. Anaeleza jinsi baada ya hali ya hatari ya 1952 Kizungu kilikuwa mfalme shuleni: ukiongea lugha ya mama unachapwa au unavishwa kibao shingoni, na mtoto anayekamatwa jioni na kitufe cha kupokezana anataja aliyempa, na huyo aliyempa, mpaka mnyororo mzima unapatikana. Yaani watoto wanafundishwa kuchongeana. Anasimulia pia kijana wa darasa lake aliyepita vizuri kila somo, akaanguka Kizungu peke yake, na mtihani wote ukahesabiwa ameanguka. Aliishia kuwa turnboy wa basi. Ngũgĩ mwenyewe hakuwa na alama za juu zaidi ya huyo kijana. Alikuwa tu amepita Kizungu, na hiyo ikampeleka Alliance.

Mimi nikisoma hapo nilisimama kidogo. Juu hapa stejini Kondele, kila asubuhi, ukisikiliza makanga wanavyobishana siasa na kupiga hesabu ya nauli bila kikokotoo, unajiuliza wangapi kati yao ni huyo kijana.

Uhuru ulikuja 1963. Ungedhani geti litang'olewa. Badala yake likapakwa rangi. Tume ya 1964 iliongozwa na Profesa Simeon Ominde, mtu wetu wa Nyanza, na ikapendekeza Kizungu kitumike kufundishia kuanzia darasa la kwanza. Lugha ya mama ikabakishiwa kipindi cha hadithi. Sababu zao zilikuwa za maana kwa wakati huo: taifa lina makabila zaidi ya arobaini, vitabu viko kwa Kizungu, walimu wanahitajika haraka. Baadaye, 1976, ripoti ya Gachathi ikarudisha lugha ya eneo kwa madarasa matatu ya kwanza. Lakini mtihani haukurudi nyuma.

Kuanzia 1966 ulikuwa CPE. Karatasi tatu tu: Kizungu, Hesabu na ile karatasi ya mchanganyiko ya Sayansi, Jiografia na Historia. Kiswahili hakikuwemo. Hebu fikiria: lugha ya taifa, ile Mzee Kenyatta aliamuru itumike Bungeni mwaka wa 1974, haikuwa na hata swali moja kwa mtihani wa darasa la saba. Mtoto aliambiwa aipende nchi yake kwa Kiswahili, apate shule kwa Kizungu.

Na mwaka huo huo wa 1974 karo ya darasa la kwanza hadi la nne ilifutwa. Watoto wakajaa. Shule za upili hazikuongezeka kwa kasi hiyo, kwa hivyo geti likazidi kubana. Kiswahili kilikuja kuwa somo la lazima la kutahiniwa 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoleta KCPE. Hiyo KCPE imekaa mpaka 2023, miaka 39, na kundi la mwisho lilikuwa na watahiniwa zaidi ya milioni 1.4. Karatasi ya Kizungu: maswali 50 ya kuchagua jibu, na insha ya alama 40. Wengi wetu tunaosoma hii tulipita hapo.

Waliopitia Moscow

Sasa kuna kitu huwa hatuambiwi darasani, na kiko mita chache kutoka Kondele. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi, sisi tunaiita Russia. Inaitwa hivyo juu Wasovieti ndio walisaidia kuijenga. Ilifunguliwa Oktoba 1969, na siku hiyo ya kufunguliwa damu ilimwagika hapa Kisumu. Hiyo ni historia nyingine, nzito, itakuja siku yake. Leo nataka jina tu: Russia.

Mwaka wa 1959 Tom Mboya alipeleka ndege ya kwanza ya wanafunzi Marekani, watu 81. Hao walihitaji Kizungu. Jaramogi Oginga Odinga naye, kuanzia 1960, akafungua njia ya upande wa pili: Moscow na nchi nyingine za kikomunisti. Chuo cha urafiki wa mataifa kilifunguliwa Moscow 1960, mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba.

Vijana waliofika huko walianza na mwaka wa matayarisho. Kazi kubwa ya mwaka huo ilikuwa moja: kujifunza Kirusi. Ukitoka hapo unaingia udaktari au uhandisi, kwa Kirusi. Kijana ametoka kijijini, anajua Dholuo, Kiswahili kidogo na Kizungu cha shule. Ndani ya mwaka mmoja anaanza kusikiliza mhadhara wa viungo vya mwili kwa lugha yenye herufi ambazo hajawahi kuziona. Na walimaliza. Walirudi madaktari na wahandisi.

Haikuwa mteremko waliporudi. Serikali iliyoelekea Magharibi iliwaangalia vyeti vyao kwa jicho la kando. Lakini hoja yangu ni hii: ubongo ulikuwepo. Mtu aliyeambiwa Kizungu chake hakitoshi kuwa daktari alikuwa daktari kwa Kirusi. Geti lilikuwa linapima kama umekaa karibu na Kizungu. Halikuwa linapima kichwa.

Hata Barack Obama mzee, yule wa Kogelo, hakupita kwa njia iliyonyooka. Aliondoka Maseno bila kumaliza, baadaye akafanya masomo ya posta na mitihani mpaka akapata nafasi Hawaii mwaka wa 1959. Na kabla hajaenda, alikuwa ameandika vitabu vya kufundisha watu wazima kusoma, vinaitwa Otieno Jarieko. Vilikuwa kwa Dholuo. Msee anajitayarisha kwenda Marekani, na huku anafundisha watu wake kwa lugha yao. Hakuona hivyo vitu viwili vikigongana.

Kitabu cha Glasgow

Umewahi kujiuliza mbona ulikariri kwamba nyumba ya kindi inaitwa "drey"? Msee, ulishawahi kuona kindi hapa Kondele? Mbona ulikariri "a pride of lions" na "as cool as a cucumber" na hukufundishwa jina la Kizungu la omena?

Jibu moja ni kitabu. Kinaitwa First Aid in English, kiliandikwa na Angus Maciver, kikachapishwa Glasgow mwaka wa 1938. Kiliandikiwa watoto wa shule za Uskoti. Ndani kuna orodha: sauti za wanyama, nyumba zao, watoto wao, majina ya makundi, tashbihi. Kikasafiri na himaya ya Waingereza, kikafika Karibea, kikafika Asia, kikafika kwetu. Walimu wakakipenda juu orodha ni rahisi kutahini. Waandishi wa vitabu vya huku wakaiga. Na mwanafunzi akaamini kwamba hiyo ndiyo Kizungu yenyewe.

Sikitukani hicho kitabu. Kinasaidia kweli. Ninachosema ni kwamba sehemu ya kile tulichoita "kujua Kizungu" ilikuwa kujua maisha ya mtoto wa Glasgow. Ukikosa, hukuwa mjinga. Hukuwa Glasgow.

Sasa tuangalie mtego wenyewe

Hapa ndipo nataka watahiniwa mnisikize. Makosa yetu ya Kizungu yana mpangilio. Yanatoka kwa lugha zetu, na lugha zetu zina akili. Ukijua kosa linatoka wapi, unaliziba.

Moja, "he" na "she". Kiswahili kina "yeye". Dholuo ina "en". Zote mbili hazijali kama ni mwanaume au mwanamke. Ukiongea haraka, kichwa chako kinafanya kazi kwa "yeye" na mdomo unachagua lolote. Dawa: ukimaliza kuandika insha, rudi usome mara moja ukitafuta hilo tu.

Mbili, "borrow" na "lend". Kwa Kiswahili, "kuazima" kunaweza kuwa kutoa au kuchukua. Kwa Dholuo ukisema "hola pesa" unaomba upewe, na neno ni lile lile la kukopa. Waingereza wamegawanya: anayetoa ana-"lend", anayechukua ana-"borrow". Kwa hivyo "borrow me your pen" ni Kiswahili kilichovaa suti. Sema "lend me".

Tatu, "in", "at", "on". Sisi tuna "-ni" moja inayobeba mzigo wote. Niko nyumbani, natoka nyumbani, naenda nyumbani. Kitenzi ndicho kinaeleza. Kizungu kinataka kila safari iwe na kineno chake. Hapa hakuna mkato, ni kukariri kwa mafungu: "at home", "in Kisumu", "on the road", "good at", "afraid of", "married to". Usikariri kineno peke yake, kariri na jirani yake.

Nne, "a", "an" na "the". Dholuo haina, Kiswahili hakina. Mtihani unapenda hapa sana. Kumbuka kinachoamua "a" au "an" ni sauti, herufi haina kazi hapo. "An hour", maana h haisikiki. "A university", maana inaanza na sauti ya y. Soma kwa sauti, sikio litakusaidia kuliko jicho.

Tano, vile vimaswali vya mwisho. Sisi tunasema "si ndiyo?" na kazi imekwisha. Umekula, si ndiyo? Wataenda, si ndiyo? Ndiyo maana tunatupa "isn't it" kila mahali. Kizungu kinataka uchukue kitenzi kisaidizi cha sentensi, ukigeuze, halafu ulete mtu wake. "They went, didn't they?" "She can't swim, can she?" Kuna mbili watahini wanazipenda kama chapati: "I am late, aren't I?" na "Let's go, shall we?" Hizo meza hivyo hivyo.

Sita, wakati uliopita. Hapa ndipo nakasirika kidogo. Tunaambiwa watoto wa huku hawaelewi "tenses". Omera, Dholuo ina neno la kitu kilichotokea mapema leo, "nende". Ina la jana, "nyoro". Ina la majuzi, "nyocha". Ina la zamani, "nene". Kitenzi cha Kizungu chenyewe hakibagui hivyo: "went" ni asubuhi, ni jana, ni 1908. Mtoto anayepanga wakati kwa ngazi nne nyumbani hawezi kuwa haelewi wakati. Anachohitaji kuambiwa ni kitu kimoja: Kizungu kinajali kama jambo bado limeshikana na sasa. Kama umetaja saa au siku iliyopita, tumia wakati uliopita wa kawaida: "I saw him yesterday." Kama hujataja, na matokeo bado yako, tumia "have": "I have seen him." Ukiandika "I have seen him yesterday" umechanganya mbili. Ile "-me-" yetu inafanana sana na "have", lakini mtaani tunasema "nimemwona jana" na hakuna anayetushika. Mtahini atakushika.

Saba, zile za kuandika upya. "Hardly" inaenda na "when". "No sooner" inaenda na "than". Na zikianza sentensi, kitenzi kisaidizi kinaruka mbele: "Hardly had we arrived when it rained." Haziongelewi Kondele, na hata London watu wengi hawaongei hivyo sokoni. Lakini zinatahiniwa, kwa hivyo zijue.

Nane, kwa walio kidato cha nne. Karatasi ya kwanza ya Kizungu ina alama 30 za matamshi na kuongea, na inafanywa kwa kuandika. Dholuo haina sauti ya "sh", wala "v", wala "z". Wale wanatucheka na "fis" hawajui hata Kizungu kinawashinda wenyewe kuandika kinavyotamkwa. Jizoeze jozi: "sip" na "ship", "bus" na "buzz". Hesabu: sarufi tupu kwenye karatasi ya pili ni alama 15 kwa 80. Matamshi ni 30 kwa 60. Wengi wanakariri sarufi usiku kucha na kuacha matamshi, halafu wanashangaa.

Nani anampima nani

Kama unafikiri geti linaishia shuleni, angalia 2021. Kenya na Uingereza zilikubaliana wauguzi wetu waende kufanya kazi kule. Baadaye mwaka huo ikatangazwa hadharani kwamba kati ya wauguzi kama 300 waliofanya mtihani wa Kizungu, 10 tu ndio walipita. Hao ni watu waliosoma kwa Kizungu tangu utotoni, wakafanya mitihani ya uuguzi kwa Kizungu, wakaandika faili za wagonjwa kwa Kizungu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kizungu ni lugha rasmi. Lakini Uingereza ina orodha yake ya nchi zinazohesabiwa wenyeji wake ni waongeaji wa Kizungu. Jamaica iko. Kenya haiko.

Kwa hivyo ndani ya nchi unachujwa na Kizungu kama vile ni chako, na nje unachujwa na Kizungu kama vile hujawahi kukisikia. Na kila mara unalipia mtihani.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Sina cheti cha kukuonyesha. Nina maoni tu, na haya ndiyo maoni yangu.

Shule zinazovisha watoto kibao shingoni zikome. Hakuna mtoto aliyewahi kujua "have" na "had" kwa kuona aibu ya mama yake. Walimu wa Kizungu huku kwetu wafundishe wakilinganisha na Dholuo, Kiluhya, Kiswahili, wazi wazi, kama nilivyojaribu hapo juu. Gredi ya 9 walifanya mtihani wao wa kwanza wa KJSEA mwaka wa 2025, na wanaingia shule ya juu ambapo Kizungu bado ni lazima. Mfumo umebadilisha jina mara kadhaa tangu KAPE. Geti liko pale pale.

Na wewe unayejiandaa, usisubiri liondolewe. Wale vijana wa Maseno hawakusema Kizungu ni cha Mzungu tuwaachie. Walisema tupeni, tutakitumia. Wakakitumia kuandika malalamiko ya Piny Owacho, na Gavana mwenyewe akalazimika kuja kuwasikiliza mwaka wa 1922. Kichukue hivyo. Kichukue kama fundi anavyochukua spana: unaijua namba yake, unaijua inafungua nati gani, ukimaliza unairudisha kwa sanduku. Hakuna fundi anayeona haya kwa sababu hakuzaliwa na spana.

Ngeli, tunavyoiita mtaani, ni kazi ya kujifunza kama kazi nyingine. Ukikosea, rekebisha, songa. Na msee wa karibu akikosea, badala ya kucheka, mwambie lililo sahihi polepole, halafu mwendelee na stori.

Kama una mdogo wako ako Gredi ya 9 ama kidato cha nne, mtumie ile sehemu ya mitego minane. Hiyo inaweza kumfaa kesho asubuhi.